Lucky Dube hakuwa kivuli cha Peter Tosh

Mashabiki wa reggae wakianza kubishana, haipiti muda kabla mmoja wao hajasema Lucky Dube, mwimbaji wa Afrika Kusini, alimuiga tu Peter Tosh, nyota wa reggae wa Jamaika. Hoja hiyo ina mashiko. Dube hakuwahi kuficha kwamba Tosh ndiye aliyemvuta kwenye reggae, na pale anaposhusha sauti na kuanza kusema badala ya kuimba, Mjamaika yule anasikika waziwazi. Wakosoaji wanaongeza kwamba tangu albamu ya Slave ya 1987 hadi Respect ya 2006, muziki wake haukubadilika sana. Nakubaliana nao kwa sehemu: albamu zake za mwishoni, ukizisikiliza mfululizo, nyimbo zinafanana mno.

Ila wanaianza hadithi katikati. Dube, mzaliwa wa Ermelo, Afrika Kusini, mwaka 1964, aliingia kwenye reggae akiwa tayari ana jina kwenye mbaqanga, muziki wa vitongoji vya Waafrika, akiimba kwa Kizulu. Mwaka 1984 alitoa Rastas Never Die, rekodi yake ya kwanza ya reggae. Iliuza nakala kama 4,000 tu, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na mauzo ya albamu zake za mbaqanga, na mwaka uliofuata serikali ya makaburu ikaipiga marufuku. Anayeiga ili auze angerudi haraka kwenye soko lake la zamani. Yeye alirudi studio na kurekodi reggae nyingine.

Na mbaqanga aliingia nayo humo. Sikiliza wimbo wenyewe wa Slave: kinanda kimetangulia mbele, wanawake wanaitikia kwa pamoja kama kwaya, na yeye anatoka kwenye sauti nzito ya kifuani na kupanda ghafla hadi sauti nyembamba ya juu kabisa. Tosh hakuimba hivyo. Tena wimbo hauna Babiloni wala Ethiopia ndani yake, majina yanayorudiwa sana kwenye reggae ya Marasta. Ni mlevi anayekiri kwamba pombe imemfanya mtumwa, jambo ambalo familia nyingi za Soweto, Mbagala au Kisumu zinalifahamu bila kuelezwa. Kwa uzito wa maneno, Tosh anamzidi, tena kwa mbali. Kwa sauti na mpangilio, Dube hana deni kwake.

Lawama nyingine ni kwamba alikuwa mpole mno. Mwaka 1988, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari na watu wakifungwa bila kesi, yeye aliimba Together As One akiwataka weusi na weupe waungane. Naelewa kwa nini vijana waliokuwa wakipigwa mabomu ya machozi walitaka kitu kikali zaidi. Lakini upole huo haukuwa woga. Wenzake weusi waliposhika dola mwaka 1994, hakugeuka mpiga debe wao. Katika albamu ya Taxman ya 1997 aliimba Crime and Corruption, akiwauliza viongozi kama walinzi na kuta ndefu ndivyo vinavyowafanya wasiuone uhalifu unaowamaliza raia. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2007, majambazi waliotaka gari lake walimpiga risasi na kumuua Rosettenville, Johannesburg, akitoka kuwashusha watoto wake. Viongozi wale aliwauliza mapema, wakiwa na muda wa kutosha wa kujibu.