Umeme Upo, Lakini Subiri

Tangu utotoni nimeujua umeme kwa hali mbili tu: upo au haupo. Ukiwapo unawasha, usipokuwapo unatafuta mshumaa, na mjadala unaishia hapo. Sasa tumeongezewa hali ya tatu, ambayo mshumaa hauisaidii: umeme upo, lakini subiri. Yuniti ile ile, inayopita katika waya ule ule na kuwasha balbu ile ile, ina bei moja saa nane mchana na bei nyingine saa moja jioni, na mimi mwenye nyumba, niliyedhani nimeachana na ratiba siku nilipomaliza shule, nimelazimika kubandika ratiba kwenye mlango wa friji.

Kinachoniudhi si bei kupanda, kwani kupanda ndiyo kazi ya bei. Kinachoniudhi ni kwamba saa za kilele, kama wanavyoziita, zinaonekana kupangwa na mtu anayejua barabara ninarudi nyumbani lini. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, au karibu na hapo kwa kutegemea kampuni, ndipo watu wanapopika, wanapooga, wanapopiga pasi nguo za kesho na kutazama taarifa ya habari inayowaeleza kwamba maisha yamepanda. Mchana kutwa, nyumba ikiwa tupu na paka amelala sebuleni peke yake, umeme unauzwa kwa bei ya kutupa. Paka hana nguo za kupiga pasi.

Nimemtafuta mhalifu wa jambo hili nikamkosa, na hakuna kinachomuumiza mlalamikaji kama kukosa mtu wa kumlalamikia. Umeme wa gridi sharti uzalishwe wakati ule ule unapotumika, kwa sababu kuuhifadhi kwa wingi bado ni ghali. Jioni, sote tunapowasha kila kitu kwa pamoja, mitambo ya akiba, mara nyingi ya gesi au ya dizeli, huamshwa kwa saa chache kisha hulazwa tena, na mtambo unaofanya kazi saa tatu kwa siku hauna budi kurudisha gharama zake zote ndani ya hizo saa tatu. Nina shemeji mwenye utaratibu kama huo wa kazi, ila yeye hatoi mwanga.

Jua nalo, ambalo tuliahidiwa kuwa ni la bure, limeongeza utamu. Penye paneli nyingi, mchana umeme hujaa hadi bei ikashuka, kisha jua huzama saa ile ile watu wanapoingia jikoni. Mwaka 2013 waendeshaji wa gridi ya California walichora hali hiyo, na mchoro ukatoka na umbo la bata: tumbo limeshuka mchana, shingo imesimama wima jioni. Kwa hiyo katika nchi za namna hiyo saa za nafuu huwa adhuhuri, ilhali kwingine huwa usiku wa manane, na anayefuata ushauri wa binamu yake aliye nchi nyingine bila kusoma ankara yake mwenyewe atafua nguo saa nane za usiku kwa bei ile ile ya saa nne asubuhi, huku macho yakimwasha.

Waingereza walianza zamani. Mpango wao uitwao Economy 7, wa saa saba za bei nafuu usiku, una umri wa tangu 1978. Hao hao, tarehe 4 Julai 1990, baada ya timu yao kutolewa na Ujerumani Magharibi kwa mikwaju ya penalti katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, waliinuka nchi nzima kwenda kuwasha mabirika, na mahitaji ya umeme yakaruka kwa megawati 2,800 hivi kwa mkupuo. Timu imekwenda na maji, taifa linataka chai. Kwa ajili ya misukosuko ya aina hiyo wana kituo cha umeme cha Dinorwig, huko Wales, kilichofunguliwa mwaka 1984, ambacho husukuma maji hadi bwawa la juu mlimani wakati umeme ni rahisi na kuyaachia yateremke kwenye mitambo wakati umeme ni ghali. Hata mlima, basi, umekwisha kuhamishia kazi zake saa za nafuu. Nyumba yangu ndiyo imekataa.

Mwanangu wa kwanza alisikia nusu ya maelezo yangu, na nusu hiyo ikamtosha kujiteua mkaguzi. Saa za kilele zikiingia tu huzunguka akizima taa mgongoni mwangu, nikiwa bado natafuta miwani, kisha huchomoa chaja za simu na kuzifungia kabatini.

«Baba, umeme unavuja,» hunieleza kwa huruma.

Nimejaribu kumfundisha hesabu. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 itawaka siku nne mfululizo, usiku na mchana, kabla ya kumaliza yuniti moja, na yuniti hiyo hiyo itajaza simu mara 50 na ushei. Pasi ya wati 2,000 inaimaliza kwa nusu saa. Shawa ya umeme ya wati 5,000 inaimaliza kwa dakika 12, yaani kabla mwogaji hajafika ubeti wa pili wa wimbo. Adui ni kitu chochote chenye kazi ya kuchemsha, kuoka, kukausha au kupasha moto. Kijana alisikiliza kwa adabu, akaafiki kila neno, kisha akazima taa ya ukumbini akaenda kuoga nusu saa.

Kuna vitu vinavyokubali kuhama na vitu visivyokubali. Friji halihami, linakula saa zote 24, na heshima pekee unayoweza kulipatia ni mlango unaofunga vizuri na kutowekewa sufuria ya moto. Mashine ya kufulia inahama kwa kubonyeza kitufe cha kuchelewesha, na ukiiambia ifue kwa maji baridi inapunguza sehemu kubwa ya ulaji wake, kwa kuwa umeme mwingi huishia katika kupasha maji, si katika kuzungusha soksi. Usiiwashe tu nyumba nzima ikiwa usingizini, maana moto haujui saa za nafuu. Tangi la maji moto ndilo bingwa wa kuhama: kupandisha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula karibu yuniti 5, na tangi lililovikwa koti zuri likiwekewa taima litapasha maji saa za nafuu na kuyatunza hadi jioni. Wapo wanaoshusha nyuzi chini ya 60 ili kubana zaidi. Siwaungi mkono, kwa sababu maji vuguvugu yaliyotuama tangini hufuga bakteria, na daktari hana saa za nafuu.

Kisichohama kabisa ni mama mkwe. Anapotutembelea huoga saa moja jioni, kwenye kilele cha kilele, na kwa shawa, si kwa maji ya tangi. Nambie wewe ni mkwe gani mwenye akili timamu atakayesimama mbele ya mlango wa bafu na kusema, «Shikamoo mama, tafadhali rudi saa nne usiku.»

«Mbona unaangalia saa, mwanangu?» aliwahi kuniuliza akitoka na taulo. Nikamwambia ninaipenda.

Mke wangu ndiye aliyeuliza swali la maana: je, mpango huu unatufaa au tungebaki na bei moja? Tukakaa na karatasi. Tuseme bei moja ya siku nzima ni 10, ya kilele ni 18 na ya nafuu ni 7, kwa sarafu yoyote upendayo. Hapo yuniti za kilele zikizidi asilimia 27 ya yuniti zako zote, unalipa zaidi ya jirani aliyebaki na bei moja na ambaye hajawahi kubandika kitu kwenye friji. Tukiwa wenyewe tuko chini ya mstari huo. Mgeni akija tunauvuka na taulo mkononi.

Sasa kampuni imetuarifu kwamba kuanzia mwezi ujao kilele kitaanza saa kumi jioni. Ratiba mpya, wanasema, inapatikana kwenye programu ya simu. Simu yangu imezimika, ni saa moja kasoro, na mkaguzi amenijulisha kwamba kabati la chaja litafunguliwa saa tatu usiku.