Waliomkatalia Dalton Hawakuwa Wakaidi

Kwenye masomo ya kemia, John Dalton, mwanakemia wa Uingereza aliyedai kwamba kila dutu imeundwa kwa atomu, yaani chembe ndogo mno zenye uzito wake maalumu, huja kama mtu aliyeona mbali, na waliosita kuzikubali atomu zake kama wagumu wa kuelewa. Wameonewa.

Hoja ya Dalton, aliyoichapisha mwaka 1808, ilikuwa na nguvu. Gramu 12 za kaboni zikiungana na gramu 16 za oksijeni hutoa gesi moja, yenye sumu. Zikiungana na gramu 32 hutoa nyingine, ile tunayoitoa tukipumua. Kwa nini mara mbili kamili? Ikiwa atomu huungana moja kwa moja au moja kwa mbili, jibu ni jepesi, na hakuna aliyekuwa na jibu zuri zaidi.

Shida ilianzia kwenye maji. Gramu 1 ya haidrojeni huungana na gramu 8 za oksijeni. Je, atomu ya oksijeni ina uzito gani, tukiipa ya haidrojeni uzito wa 1? Maji yakiwa na atomu moja moja, ni 8. Yakiwa na mbili za haidrojeni, ni 16. Yakiwa na mbili za oksijeni, ni 4. Mizani inakubaliana na majibu yote matatu! Dalton alichagua jibu la atomu moja moja kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote, basi (yeye mwenyewe alipata 7, kwa vipimo vya wakati wake). Na ukikosea oksijeni, kaboni nayo inashuka kutoka 12 hadi 6, na kosa linasambaa kwenye jedwali lote.

Ndiyo maana mwanakemia mwenzake, William Wollaston, mwaka 1814, alipendelea kuorodhesha uzito unaoungana na uzito, bila kuhesabu atomu ambazo hakuna aliyeweza kuzihesabu. Ni kweli kwamba naye alilazimika kukisia mahali, maana dutu moja huungana kwa viwango zaidi ya kimoja. Lakini angalau hakudai kujua umbo la kitu asichokiona.

Njia ya kutoka ilikuwepo. Mwanakemia Gay-Lussac alikuwa ameonyesha kwamba ujazo 2 wa haidrojeni na 1 wa oksijeni hutoa 2 wa mvuke. Dalton alivitilia shaka vipimo hivyo. Mwanasayansi Avogadro alitoa ufumbuzi mwaka 1811, kwamba ujazo sawa wa gesi una idadi sawa ya chembe, na kwamba chembe za gesi hizo mbili zina atomu mbili mbili, ukapuuzwa kwa karibu miaka 50. Matokeo yake, mwaka 1861 mwanakemia Kekulé aliweza kuorodhesha fomula 19 za asidi ya siki peke yake. Kumi na tisa, za kitu kimoja! Mwanakemia makini angeziamini atomu za nani?

Wapo waliozidisha, kama mwanakemia Ostwald aliyezipinga atomu hata baada ya mwenzake Cannizzaro kunyoosha hesabu hizo za uzito wa atomu mwaka 1860. Ila alichotaka ni ushahidi usiotokana na uwiano wa uzito. Mwanafizikia Jean Perrin alipouleta, kwa kupima mtikisiko wa chembe ndogo ndani ya maji, Ostwald alikubali mwaka 1909, tena kwa maandishi.