Kilogramu ya kani ingestaafishwa zamani

Kubadili vizio vya kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, si hesabu ya kumtoa mtu jasho. Daini laki moja ni nyutoni moja: sogeza nukta, umemaliza. Paundi ya kani ni nyutoni 4.448: zidisha, umemaliza. Kizio kinachoniudhi mimi ni kimoja, kilogramu ya kani, yaani kani ambayo uvutano wa dunia huvutia kilo moja.

Kilogramu ni ya tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu. Nyutoni ni ya kani, ile inayolipatia tungamo la kilogramu moja mchapuko (ongezeko la kasi kila sekunde) wa mita moja kwa sekunde mraba. Kilogramu ya kani imeazima jina la ya kwanza ili ifanye kazi ya pili, na ndani yake imeficha 9.80665, mchapuko wa uvutano uliokubaliwa kimataifa mwaka 1901. Umekubaliwa tu, haukupimwa pale uliposimama: kwenye ikweta ni kama 9.78, kwenye ncha za dunia 9.83. Tofauti hiyo ni ndogo na siigombei.

Ninachogombea ni hiki. Kamba imeandikwa "kilo 500", maana yake kilogramu za kani. Mtu anafunga mzigo wa kilo 450, anajihesabia kwamba bado ana nafasi ya kilo 50. Mzigo ukining'inia umetulia, yuko sahihi. Lakini winchi ikianza kuuvuta juu kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde mraba, kamba inabeba 450 mara 11.81 (9.81 ya uvutano na 2 ya winchi), yaani takribani nyutoni 5,310, wakati uwezo ulioandikwa ni kama nyutoni 4,900. Kamba imezidiwa na tungamo la mzigo halijaongezeka hata gramu. (Watengenezaji huweka akiba ya usalama, la sivyo tungeokota mizigo kila siku.) Lebo ingesema nyutoni 4,900, mtu angelazimika kwanza kujiuliza mzigo wake unavuta kwa kani gani.

Vikokotoo vya mtandaoni navyo haviulizi. Unaandika 450, unachagua kilogramu ya kani, unapewa nyutoni 4,412.99 na desimali za kukutia imani. Winchi haimo kwenye jibu hilo.

Wengi wakijadili vizio hukimbilia Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea Septemba 1999 baada ya programu moja kutoa takwimu kwa paundi-sekunde na nyingine kuzisoma kama nyutoni-sekunde. Mfano mzuri, ila wa kosa jingine. Pale kila upande ulidhani kizio chake ndicho kinachotumika. Kwenye kamba yetu kizio kimeandikwa wazi, na ndicho kinachodanganya.

Paundi ina dhambi hiyohiyo, najua, lakini Wamarekani hawatanisikiliza. Wengine tuandike kilonyutoni, yaani nyutoni elfu moja. Fundi anayesema kilonyutoni haimwingii akilini ashike hili tu: moja inatosha kushikilia kilo 102 zilizotulia. Zikianza kuchapuka, apige hesabu upya.