Pasta, huo moto hukupewa uwagawie wafiwa

Juzi kwenye mazishi huku Muyeye, Malindi, pasta kashika maiki, jeneza liko mbele yake, mama wa marehemu kaketi mkekani, na jamaa anatutangazia ati marehemu saa hii anaungua kwa sababu alikuwa mgema na kanisani haonekani. Kwa spika, mtaa mzima usikie. Na sisi watu wazima tukanyamaza, ati adabu.

Hebu tuulizane, huyu Biblia anaisomea wapi? Manake jehanamu aliyoitaja Yesu ilianza kama mahali hasa, Bonde la Hinomu, hapo kusini mwa Yerusalemu, mtu anafika kwa miguu. Na sifa yake mbaya haikuletwa na walevi. Wafalme Ahazi na Manase walichoma watoto wao wenyewe bondeni humo kama sadaka, na kwenye Yeremia 7 Mungu anasema kabisa hakuagiza kitu kama hicho wala hakikumwingia moyoni, na mfalme Yosia akapatia unajisi mahali hapo pasitumike tena. Yaani bonde lilichukiza kwa sababu watu walichoma watu kwa jina la dini!! Halafu leo kazi hiyohiyo tunamvisha Mungu mwenyewe na tunaitikia amina. Na Yesu alimtisha nani nayo? Mathayo 23, soma mwenyewe, ni waandishi na Mafarisayo, watu wa viti vya mbele. Mgema sijamuona hapo.

Haya, najua mtaniletea Ufunuo 20 na ziwa la moto. Lipo, sibishi. Lakini hapo anayehukumu yuko kwenye kiti cha enzi, si pasta anayengojea pilau. Na zile duara tisa za mateso ni za Dante, mshairi wa Italia wa karne ya 14, msimsingizie Paulo, barua zake jehanamu haimo hata mara moja.

Tena tungekuwa watu wa kwingine ningenyamaza. Sisi ni Malindi jamani! Msitu wa Shakahola ni hapo tu, mwaka 2023, miili zaidi ya 400, watoto wengi sana, watu walikaa na njaa mpaka kufa kwa vile mhubiri waliyemwamini aliwaambia ndio njia ya kumfikia Yesu. Na bado mtu akishika Biblia hatumuulizi kitu.

Mimi nikifa, asome Zaburi yeyote wa familia, nifukiwe, watu waende wakale. Mkikosa msomaji, imbeni tu.