Niacheni na Roki Yangu ya Zamani

Jamani, simu imenitukana. Hizi programu za muziki mwisho wa mwaka hupenda kumpa kila mtu ripoti ya alichosikiliza, na yangu safari hii imekuja na umri. Eti kwa nyimbo ninazopiga, mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Sijafika huko, na hata ningefika, nani aliuliza? Nililipia kusikiliza muziki, sikulipia kupimwa.

Kijana wetu alicheka mpaka akakaa chini. Mama watoto hakucheka, alisema tu, "Baba nanihii, si wamesema kweli? Kila siku magitaa yaleyale." Anayesema hivyo ni mtu anayetazama marudio ya tamthilia huku akijua nani atamwacha nani na kwenye sehemu ya ngapi. Nikanyamaza. Ndoa ina siri zake.

Ila ninyi nitawaambia. Mimi ni mtu wa albamu nzima: unaanza upande wa kwanza, unamaliza wa pili, unanyanyuka. Chukua The Dark Side of the Moon ya bendi ya Pink Floyd, ya mwaka 1973. Inaanza na mapigo ya moyo, inaishia na mapigo ya moyo, na katikati nyimbo zimeshikana, huu haujaisha mwingine umeshaingia. Mwisho wa upande wa kwanza mwimbaji Clare Torry anapaza sauti bila neno hata moja, na mimi huwa nimefumba macho, sitaki mtu. Upande wa pili unatakiwa uingie kwa mlio wa sarafu. Juzi badala ya sarafu ukaingia wimbo wa watoto wa kujifunza rangi! Kumbe kijitufe cha kuchanganya nyimbo kilikuwa kimewashwa, na binti yangu mdogo alikuwa ameshika simu asubuhi. Nyekundu, njano, kijani. Nilifumbua macho haraka sana.

Nasikia mwimbaji Adele naye kijitufe hicho kilimkera, na mwaka 2021 akaomba kwenye kurasa za albamu kisiwe ndicho kinachotangulia. Alisikilizwa. Simo kwenye muziki wake, lakini kwa hilo ni dada yangu wa damu.

Sasa njooni kwenye hii biashara ya kusafisha sauti za rekodi za zamani. Kila albamu niipendayo ikitimiza miaka kadhaa, watu wanaingia studio kuipiga deki. Nikitafuta wimbo Bohemian Rhapsody wa bendi ya Queen, wa mwaka 1975, zinakuja nyingi: iliyosafishwa mwaka huu, iliyosafishwa mwaka ule, ya jukwaani. (Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Hilo hulitaja kila nikipata nafasi, na nikikosa nafasi huitengeneza.) Mimi nataka ile chafu. Wimbo huo niliujua kwa kaseti iliyorekodiwa kutoka kwenye kaseti nyingine, na redio yetu ilikuwa na tabia ya kumeza kanda. Siku moja ikaimeza palepale opera, ile sehemu ya katikati ya sauti nyingi zinazobishana, inapopamba moto. Nikaivuta taratibu, nikaizungusha kwa kalamu, kipande kilichokunjamana nikakikata, ncha mbili nikaziunga kwa rangi ya kucha ya dada yangu, ambaye mpaka leo anaidai.

Tangu hapo Bohemian Rhapsody yangu ina kiruko. Waimbaji wako katikati ya ubishi, mara tap, gitaa hilo hapo. Nimeusikiliza hivyo miaka na miaka, mwili umeshazoea. Nikisikia ule mzima, naona kama kuna watu wameongezwa ambao hawakualikwa. Mama watoto anayejidai hasikilizi alikutwa juzi anauimba akifua, na alipofika pale pale akaruka. Hajawahi kumiliki nakala nyingine, huyo. Magitaa yaleyale, eh?

Na msidhani kaseti yangu ilikuwa na ila ya pekee. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, amesimulia kwamba sauti za ile opera, yaani yake, ya Mercury na ya mpiga ngoma Roger Taylor, zilirundikwa juu ya nyingine mara nyingi mno hata ukanda wa studio ukachakaa, mwanga ukawa unapenya. Kumbe wao wenyewe walikuwa wanachezea kanda mbovu. Leo mtu mwenye kompyuta ananiambia ameondoa mikwaruzo. Iache mikwaruzo, bwana!

Halafu vyombo. Nilikuta santuri, nikaambiwa zimepitwa, nunua kaseti. Nikanunua. Kaseti zimepitwa, chukua CD. Nikachukua. CD za nini tena, kila kitu kiko kwenye simu. Sawa. Sasa vijana wamerudi kwenye santuri! Marekani mwaka 2022 santuri zilizouzwa zilizidi CD kwa idadi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Zangu ziligawiwa siku ya usafi mkuu wa nyumba, na aliyezigawa yuko kule anafua.

Mpwa wangu naye alinijia mwaka 2022 huohuo, macho yanang'aa. "Mjomba, kuna mwimbaji mpya, lazima umsikie. Anaitwa Kate Bush." Nikakohoa. Wimbo wenyewe, Running Up That Hill, ni wa 1985. Umewekwa kwenye tamthilia ya Stranger Things, basi ukapanda mpaka namba moja Uingereza, miaka 37 tangu utoke. Mimi nikiupiga ni ushamba, tamthilia ikiupiga ni ugunduzi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata hayo makelele niliyokuwa nayakimbia yameletwa upande wangu. Bendi ya Nirvana, na albamu yao ya 1991, siku hizi wanapigwa kwenye vipindi vya roki ya kale. Nirvana! Hao niliwazimia redio nikisema vijana wameharibika. Leo tuko chumba kimoja na inabidi tusalimiane.

Ila na wazee wetu wenyewe wana mambo. Hawajui kuaga. Bendi ya The Who walifanya ziara ya kuaga mwaka 1982; mwaka 2025 wakaaga tena. Mwimbaji Ozzy Osbourne aliaga mwaka 1992, akarudi, na onyesho la mwisho kweli akalifanya Birmingham, mji aliozaliwa, Julai 2025, siku chache kabla ya kufariki. Huyo simsemi, aliaga kiume. Lakini bendi ya KISS? Walianza ziara ya kuaga mwaka 2000, wakaendelea kama kawaida, wakaanza kuaga upya mwaka 2019, wakahitimisha New York tarehe 2 Desemba 2023. Nikasema haya, Mungu awape mapumziko mema. Usiku uleule, jukwaani palepale, wakaonyesha picha zao za kompyuta zilizopakwa rangi usoni, zinaruka na kutema moto, kwamba sasa hizo ndizo zitaendelea na kazi. Haziumwi mgongo, hazizeeki, hazina wajukuu. Hizo nazo, ndugu zangu, zitaaga lini?