Dirisha la alumini pwani: rangi ya unga au anodaizi?

Juzi nilikwaruza kwa ukucha fremu ya dirisha Kigamboni, Dar es Salaam, mita chache kutoka baharini. Rangi nyeusi ya unga ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake kulikuwa na michirizi myembamba myeupe, yote ikianzia pembeni, pale fundi alipokata kwa msumeno na kukaza skrubu za chuma. Katikati ya fremu hiyohiyo rangi ilikuwa bado imeshika.

Wanaoitetea rangi ya unga wana hoja nzito. Hupulizwa ikiwa kavu, ikaokwa kwenye tanuri, ikaacha utando wa mikroni 60 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa rangi yoyote utakayo. Katika Qualicoat, mfumo wa Ulaya wa kuthibitisha ubora wa rangi za alumini, rangi za daraja la 3 huanikwa miaka 10 kwenye jua na unyevu wa Florida. Ila jaribio hilo linaangalia zaidi mng'ao na kupauka kwa kibao kizima, wala si pembe iliyokatwa. Na utando wenyewe umekaa juu ya alumini tu. Chunyu ikipata upenyo, inatambaa chini kwa chini.

Anodaizi haibanduki hivyo. Utando wake ni alumini yenyewe iliyogeuzwa kwa umeme ndani ya tindikali, na kwa majengo ya baharini hutakiwa mikroni 25. Adui yake ni saruji mbichi: tone la lipu likikaukia juu yake linaacha baka lisilofutika. Nasi mara nyingi tunafunga fremu mafundi wakiwa bado wanapiga lipu.

Nyumba inayotazama bahari ningeipa anodaizi, fremu zikingoja lipu ikauke. Mbali kidogo na maji, rangi ya unga inatosha, mradi alumini iliandaliwa vizuri. Kiwango cha Qualicoat cha pwani kinataka uso wa alumini umomonyolewe kwa kemikali angalau gramu 2 kwa kila mita ya mraba kabla ya kupaka. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya kuuliza bei. Kisha dai skrubu za stenlesi, na pembe zilizokatwa zizibwe.

Jambo moja linazihusu zote mbili, rangi ya unga na anodaizi. Pale Kigamboni fremu zilizoharibika zaidi zilikuwa chini ya baraza. Mvua haifiki huko, hivyo chumvi inayoletwa na kusi inabaki palepale mpaka mtu aioshe kwa maji yasiyo ya chumvi na kitambaa.