Nafasi Tupu Katika Daftari Si Hapana

Asha anamtazama Neema, na Neema anamtazama Juma. Asha ameolewa, Juma hajaoa, na habari za Neema hatuzijui. Je, yupo mwenye ndoa anayemtazama asiye na ndoa? Wengi hujibu upesi kwamba taarifa hazitoshi, kumbe zinatosha: ikiwa Neema ameolewa, yeye ndiye mwenye ndoa anayemtazama Juma, ikiwa hajaolewa, basi Asha anamtazama asiye na ndoa. (Mjane na mtalaka tuwahesabu hapa kuwa hawana ndoa, maana kuna msomaji atakayeuliza.)

Hali kama hii naiita modeli pungufu, yaani picha ya ulimwengu ambamo baadhi ya mambo yamethibitishwa, mengine yamekanushwa, na yaliyobaki yameachwa wazi. Mmarekani Stephen Kleene, aliyekuwa akishughulikia hesabu ambazo huenda zisifike mwisho, alitoa mwaka 1938 kanuni za kuipima: "A au B" ni kweli mara tu upande mmoja unapokuwa kweli, hata kama wa pili haujulikani, "A na B" si kweli mara tu upande mmoja unapokataliwa. Ninachokipenda katika kanuni hizo ni kwamba neno lililokwisha kuamuliwa halitanguki taarifa zikiongezeka.

Hata hivyo, zina upofu wake. Ukipima sentensi "Neema ameolewa au hajaolewa" kipande kwa kipande, kila upande haujulikani, na kwa hiyo sentensi nzima nayo haijulikani, jambo ambalo hata mtoto atalicheka. Mwanafalsafa Bas van Fraassen alionyesha njia nyingine mwaka 1966: jaza nafasi tupu kwa kila namna inayowezekana, kisha ukubali lile linalobaki kweli katika namna zote. Ndivyo tulivyolifumbua fumbo letu, ila gharama yake ni kubwa, kwa kuwa nafasi moja ina namna 2, na nafasi 20 zina namna 1,048,576.

Kanzidata zetu, yaani madaftari ya kompyuta, zilichagua njia ya bei nafuu, ile ya Kleene. Katika SQL, lugha ya kuziuliza kanzidata maswali, nafasi tupu huitwa NULL, na kulinganisha chochote nayo huzaa "haijulikani". Omba wanachama wenye umri chini ya miaka 18 au wenye miaka 18 na zaidi, na yule ambaye umri wake haukuandikwa hatatokea kwenye orodha, ingawa hakuna binadamu aliye nje ya makundi hayo mawili. Simlaumu Kleene. Kosa naliona katika hatua ya mwisho, pale ambapo swali hurudisha mistari iliyothibitika tu na kuitupa isiyojulikana pamoja na iliyokataliwa, bila kumwambia mtu. La ajabu zaidi ni kwamba sharti la CHECK, linalokagua taarifa zinapoingizwa, katika lugha hiyohiyo hufanya kinyume: "haijulikani" hupita kana kwamba ni kweli. Mtu yuleyule asiye na umri ataruhusiwa kuingia katika daftari kwa sharti la miaka 18, kisha atafichwa tunapowatafuta wenye miaka 18 na zaidi.

Mimi ningetaka kila swali lirudishe orodha mbili, ya waliothibitika na ya wanaosubiri taarifa. Kwa sasa naiandika hiyo ya pili kwa mkono, kwa kuuliza kwanza ni nani ambaye umri wake ni NULL.